Wasuka nondo: historia iliyofukiwa kwenye zege

Najua nimepotea, testi zilinibana mpaka nikasahau jina langu. Leo nina dukuduku, vumilieni.

Juzi kwenye semina mwalimu alituuliza, ni kitu gani kilibadilisha miji yetu kuliko vyote katika karne ya 20? Watu wakajibu reli, wengine bandari, kuna mmoja akasema Azimio la Arusha. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Nondo." Darasa zima kicheko! Mwalimu naye akatabasamu, akamgeukia mwingine. Kwa kuwa kule sikumaliza, ngoja nimalizie hapa.

Tuanzie pwani. Nyumba za kale za mawe, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, zilikuwa na vyumba virefu lakini vyembamba sana. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki sana mita tatu, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti. Hata kule Ghuba, ambako majahazi yalipeleka boriti zetu kwa karne nyingi, vyumba vilikuwa na upana wa namna hiyo hiyo. Mawe na chokaa vinavumilia kukandamizwa, lakini ukivivuta au ukivipinda vinakatika. Kazi ya kuvutwa ilikuwa ya mti.

Zege nalo lina ugonjwa huo huo. Nguvu yake ya kuhimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya ile ya kukandamizwa. Dawa ilipatikana Ufaransa, na walioianza hawakuwa wajenzi wa majumba. Joseph-Louis Lambot alitengeneza mtumbwi wa saruji yenye wavu wa chuma, akauonyesha kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1855. Joseph Monier alikuwa mtunza bustani, kachoka na vyungu vya maua vinavyopasuka, akatia waya ndani ya saruji na kupata hataza yake mwaka 1867. Vyungu vya maua, jamani! Baadaye François Hennebique, kwa hataza yake ya 1892, akaunganisha nguzo, boriti na sakafu vikawa kitu kimoja.

Na ile mikunjo mnayoiona juu ya nondo si mapambo. Chuma laini kinaweza kuteleza ndani ya zege. Mwaka 1884 kule Marekani, Ernest Ransome alipata hataza ya kuipinda nondo ya pembe nne kama kamba ili zege liishike. Mwaka 1903 mji wa Cincinnati ukapata jengo la zege la ghorofa 16, Ingalls, wakati kuna watu waliodhani litaanguka lenyewe. Bahati nyingine ni ya maumbile: chuma na zege hutanuka kwa joto karibu sawasawa. Ingekuwa tofauti, jua la Dar lingevitenganisha zamani.

Huku kwetu, nendeni mkaangalie Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Lile paa lake la miamvuli ya zege lisingesimama hata siku moja bila chuma ndani. Au Nkrumah Hall hapo Mlimani, iliyowekwa kwenye noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Mchoraji wa soko tunamjua, na aliyelifungua tunamjua. Waliosuka nondo zake je? Hapo ndipo dukuduku langu lilipo.

Nilimaliza form six nikiwa sina hata nauli, nikaenda kwa mjomba, fundi nondo wa miaka mingi. Miezi minne nilikuwa saidia fundi wake. Kazi yenyewe hivi: nondo ina mita 12. Ukitaka uzito wake, chukua kipenyo kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Ya milimita 12 ni kilo kumi na ushei, ya 16 ni kilo 19, ya 25 ni kilo 46. Hiyo unaibeba begani, jua la saa saba, na chuma kimechemka hadi kinachoma shati. Halafu unainama. Kila nondo zinapokutana unafunga waya, unapindisha kwa koleo, unakata, unasogea. Mara mia kadhaa kwa siku. Usiku nilikuwa nashindwa kushika kijiko.

Mjomba alikuwa na maneno machache. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia, akanionyesha kibiskuti cha saruji kinachowekwa chini ya nondo. "Hiki usikisahau. Nondo ikigusa mbao, zege halitaifunika. Maji yataingia, itapata kutu." Chuma kikishika kutu kinavimba, kinapasua zege kutoka ndani. Sasa fikiria hewa ya chumvi ya pwani.

Siku moja tulikuwa tunasuka nguzo. Mchoro ulisema ringi zikae kila milimita 150. Ringi ndizo zinazozishika nondo ndefu zisifumuke kwenda nje nguzo inapolemewa. Msimamizi akaja akasema tuweke kila 300, nondo zimepungua na zege linamwagwa kesho. Mjomba akasema, "Mimi siwezi." Hakupiga kelele. Msimamizi akamwambia kama hawezi, wapo wanaoweza. Mjomba akafuta koleo lake kwenye suruali, akaniita tukaondoka. Hela ya wiki ile hatukuiona mpaka leo.

Njiani nilimlaumu sana, jamani nisiwafiche. Nyumbani kulikuwa hakuna unga. Hakunijibu.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Mwezi Aprili 2016, Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita likaua makumi ya watu. Novemba 2024, Kariakoo. Kila safari tunaambiwa habari za vibali, mkandarasi na mwenye jengo, na ni sawa waulizwe. Ila kabla zege halijamwagwa kuna mtu aliyeinama pale na waya mkononi, anaona kila kitu. Yeye ndiye shahidi wa mwisho. Baada yake hakuna anayeona ndani tena kwa macho. Na yeye ni kibarua wa kutwa, anaweza kufukuzwa kwa neno moja.

Ndiyo maana nasema nondo ni historia. Ilitutoa kwenye vyumba vya upana wa boriti ikatupa ghorofa, na usalama wetu ikauweka mikononi mwa watu ambao hatuwaandiki popote.

Lile jengo tuliloliacha limesimama, lina maduka chini na watu wanaishi juu. Mimi nikifika pale navuka barabara. Labda baada yetu alikuja fundi mwingine akakataa pia, labda hapana.

Mjomba sasa mgongo umekataa, hasuki tena. Nilimpigia juzi nikamwambia nataka kuandika insha yangu ya muhula juu ya kazi yake. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ile hela ya wiki moja utaiandika?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. "Basi njoo Jumamosi."

Ukiwa na baba au mjomba wa saiti, mwulize kabla hajachoka kusimulia. Haya, kantini inafungwa, ngoja niwahi wali maharage. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.