Bunduki za risasi ndogo ziendazo kasi: Chimbuko, utendaji na sheria zake

MTITO ANDEI, mji wa Kaunti ya Makueni ulio karibu na katikati ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, umepakana na hifadhi mbili za taifa: Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Jina lake lina asili ya Kikamba na maana yake ni msitu wa tai. Ndege hao hufuata mizoga, na katika nyika hiyo mizoga imetokana na upinde, mtego wa waya na bunduki kwa nyakati mbalimbali.

Miongoni mwa silaha zilizopita huko, ipo jamii moja inayozungumzwa sana na wawindaji wa Ulaya na Marekani, nayo ni bunduki nyepesi inayorusha risasi ndogo kwa kasi kubwa mno. Huko ughaibuni hutumiwa kuwindia kulungu wadogo na mbweha. Nchini Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwezi Mei 1977, na kwa hiyo silaha hii haina kazi halali ya uwindaji. Hata hivyo historia yake inaihusu Tsavo kuliko wengi wanavyodhani.

Udogo wa risasi ni jambo la kulinganisha. Hadi miaka ya 1880 bunduki za kuwindia wanyama wakubwa zilikuwa na mitutu mipana, wakati mwingine ya milimita 15 na zaidi, zikitumia baruti nyeusi yenye moshi mzito na kurusha kipande cha risasi kwa mwendo wa pole. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alibuni baruti isiyo na moshi. Nguvu yake iliwezesha risasi nyembamba kurushwa kwa kasi isiyowahi kuonekana. Uingereza iliingiza jeshini bunduki ya .303, yenye kipenyo cha takriban milimita 7.7, mwaka 1888, na Wajerumani wakafuata na Mauser ya milimita 7 mapema katika miaka ya 1890. Leo .303 huonekana silaha nzito ya kizamani, lakini siku hizo iliitwa bunduki ya mtutu mdogo, na wawindaji wakongwe waliidharau.

Silaha hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mhandisi John Henry Patterson mwaka 1898, alipokuwa akijenga daraja la reli juu ya Mto Tsavo, takriban kilomita 50 kutoka Mtito Andei. Simba wawili walikuwa wakiwala wafanyakazi wa reli. Patterson aliwahi kuazima bunduki kubwa ya mitutu miwili, akidhani ingemfaa kuliko yake, lakini ilipofika saa ya kuitumia ikakataa kufyatuka na simba akaponyoka. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 mwezi huohuo, naye huyo wa pili alihitaji risasi kadhaa kabla ya kukata roho. Mabaki yao yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago.

Aliyeivumisha zaidi hoja ya risasi ndogo alikuwa Mskoti Walter Bell, aliyezaliwa 1880. Alifika Afrika Mashariki akiwa kijana mdogo na akaajiriwa kuwalinda wajenzi wa Reli ya Uganda dhidi ya simba. Baadaye aliingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, akawa mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Inakadiriwa aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7 iliyouzwa na kampuni ya Rigby ya London kwa jina la .275.

Siri ya Bell haikuwa bunduki. Alipasua mafuvu ya tembo aliowaua ili ajue ubongo ulikaa wapi kwa kila upande wa kichwa. Alitumia risasi iliyofunikwa chuma kote, isiyopasuka ikigonga mfupa. Bunduki nyepesi haikumsukuma bega kwa nguvu, kwa hiyo aliweza kulenga kwa utulivu na kurudia upesi. Waliosoma kitabu chake cha 1923 wakaiga bunduki na kuacha elimu ya mifupa waliwaacha tembo wengi wakitangatanga na majeraha. Umahiri wa Bell haufichi ukweli kwamba alikuwa mchinjaji kwa ajili ya soko la pembe, na baadhi ya sifa anazopewa mpaka leo katika vitabu vya uwindaji zinapita kiasi.

Jamii inayoitwa ya risasi ndogo kwa maana ya sasa ni changa zaidi. Marekani ilitoa .22 Hornet mwaka 1930, kisha .220 Swift mwaka 1935, ambayo risasi yake ya kwanza ilitoka mtutuni kwa takriban mita 1,250 kwa sekunde. Ikafuata .222 Remington mwaka 1950, .243 Winchester mwaka 1955 na .223 Remington mwaka 1964. Hii ya mwisho ni ndugu wa risasi ya kijeshi ya milimita 5.56.

Tarakimu hizo zenye nukta mbele ni vipimo vya inchi. Zinaonyesha upana tu, na hapo ndipo wengi hupotea. Risasi ya kawaida ya .22, inayotumiwa kulengea shabaha na kuulia panya, ina uzito wa gramu 2.6 na mwendo wa takriban mita 380 kwa sekunde. Ile ya .223 ina upana uleule kwa karibu, uzito wa gramu 3.6, lakini hutoka kwa karibu mita 985 kwa sekunde, yaani takriban mara tatu ya kasi ya sauti. Nguvu ya risasi hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito kwa kasi mara kasi. Kwa hesabu hiyo ya kwanza ina juli zipatazo 190 na ya pili juli 1,700 na ushei. Tofauti ya gramu moja tu ya uzito haitoshi kueleza nguvu iliyoongezeka mara tisa. Iliyoongezeka ni kasi.

Faida ya kasi ni kwamba risasi huenda karibu na mstari ulionyooka. Kila risasi huanza kuvutwa na ardhi mara inapotoka mtutuni, na inayofika mapema huwa imeshuka kidogo. Katika umbali wa mita 200 risasi ya .223 huwa imeshuka kiasi cha nusu tu ya ile ya .303 ya vita. Mpigaji hahitaji kukisia sana umbali wa mbweha aliyesimama ng'ambo ya shamba.

Hasara zake nazo si chache. Risasi nyepesi husukumwa na upepo kwa urahisi. Hupotoshwa na kijiti, na nyika ya Mtito Andei ni vichaka vya miiba kila upande. Mitutu ya zile zenye kasi kupita kiasi huchakaa mapema kwa joto la baruti. Tena risasi nyingi za aina hii zimetengenezwa zivunjike vipande mara zinapogusa mwili. Kwa mnyama mdogo kama mbweha, kifo huwa cha ghafla. Kwa mnyama mkubwa, risasi hiyohiyo huvunjikia kwenye bega, ikaacha jeraha bovu la juu juu bila kuufikia moyo wala mapafu. Mnyama hukimbia, akafa siku kadhaa baadaye kwa maumivu.

Kwa sababu hiyo sheria za nchi zinazoruhusu uwindaji hazikuachia hiari ya mwindaji. Nchini Uingereza, Sheria ya Kulungu ya 1991 ya Uingereza na Wales inataka bunduki isiyopungua .240, sawa na milimita 6.1, na nguvu isiyopungua juli 2,300 hivi. Mwaka 2007 ililegezwa kwa ajili ya kulungu wawili wadogo wenye asili ya China, ambao sasa huruhusiwa kupigwa kwa .22 yenye kasi. Scotland ina vipimo vyake, na humruhusu mwindaji kutumia risasi hiyo ndogo kwa kulungu mdogo wa huko. Mbweha hakuwekewa kipimo. Tanzania, inayoruhusu uwindaji wa kitalii kwa leseni, hutaka bunduki isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo.

Ukiyalinganisha hayo na wanyama wa Tsavo, utaona mahali ambapo silaha hii ingeishia. Digidigi hana zaidi ya kilo saba. Swala pala hufika kilo 75 na tandala mdogo huweza kupita kilo 100. Kinachomtosha wa kwanza humtesa wa mwisho. Kuhusu mbweha, Kiswahili hulitumia neno hilo na lile la bweha kwa wanyama tofauti, na mara nyingi anayelaumiwa si mwenye kosa. Bweha mwenye mgongo mweusi huweza kunyakua kuku au mwana-mbuzi. Mbweha mwenye masikio makubwa, anayeishi katika nyika hiyohiyo, chakula chake kikuu ni mchwa.

Wenyeji wa Ukambani hawakuhitaji bunduki ili wawinde. Upinde na mshale uliopakwa sumu ya msunguti, mti ambao magome na vijiti vyake huchemshwa hadi vikawa kama lami nyeusi, uliweza kumwangusha tembo. Sumu hiyo husimamisha moyo, na mshale hauna mlio. Serikali ya kikoloni ilitoza leseni za uwindaji ambazo Mzungu mwenye bunduki aliweza kuzilipia, huku Mkamba na Muata mwenye upinde akiitwa jangili katika ardhi ya babu zake. Hifadhi ya Tsavo ilipoundwa mwaka 1948 mpaka huo ukawa mkali zaidi, na katika msako mkubwa wa 1956 na 1957 wawindaji wengi wa mishale walifungwa. Chuki iliyotokana na hayo haijafutika kabisa katika vijiji vilivyo kando ya hifadhi.

Katika miaka ya 1970 na 1980 bunduki za kivita zilichukua nafasi ya mshale, na tembo wa Tsavo wakaangamia kwa maelfu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliundwa mwaka 1989 wakati mauaji hayo yakiendelea. Ujangili wa kitoweo wa siku hizi hutumia zaidi mitego ya nyaya, na tochi zenye mwanga mkali za kumpumbaza digidigi usiku akapigwa kwa rungu au panga.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza uwindaji wa burudani, uwindaji wa kujipatia chakula na biashara ya nyamapori. Umiliki wa bunduki nao husimamiwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na cheti cha kumiliki silaha si kibali cha kuwinda. Anayeiona bunduki ya .22 kuwa kichezeo cha kufukuzia nyani shambani anajitia hatarini mara mbili, mbele ya sheria na mbele ya jirani yake. Hata risasi ya kawaida ya .22 huweza kusafiri zaidi ya kilomita moja, na Mtito Andei ina barabara kuu, reli ya zamani, reli ya kisasa iliyofunguliwa 2017 na makazi yaliyotawanyika.

Mkulima ambaye tembo wameingia shambani mwake hutakiwa kuwaita maafisa wa KWS. Sheria hiyo ya 2013 ilitenga fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Malipo hayo yamekuwa yakicheleweshwa kwa miaka mingi, na malalamiko yamesikika kutoka Makueni, Kitui na Taita Taveta.