Programu huria katika Afrika ya Mashariki

Programu huria ni programu za kompyuta ambazo leseni yake inamruhusu kila mtu kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa kwa wengine. Programu ya bure si lazima iwe huria: inaweza kutolewa bila malipo huku ikikatazwa kubadilishwa.

Historia

Harakati hizo zilianzishwa na Mmarekani Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa GNU mwaka 1983. Nchini Tanzania, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hiyo ilikuwa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice.org, programu za kuandika barua na kufanya mahesabu. Kwa kuwa leseni ilikuwa huria, watafsiri hawakulazimika kusubiri kampuni yoyote ione faida katika Kiswahili.

Mifano kulingana na watumiaji

Wanafunzi na walimu: Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, humwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti. Faili hupakuliwa mara moja, kisha hunakiliwa kwa flashi. Kolibri husambaza masomo kutoka kompyuta moja kwenda kompyuta na simu nyingine zilizo karibu, na inapatikana pia kwa Kiswahili.

Watumishi wa afya: OpenMRS hutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. DHIS2, inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hujumlisha takwimu za vituo vya afya. Hutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya na Uganda.

Wakusanyaji wa takwimu na wachora ramani: ODK huweka dodoso katika simu, na majibu hubaki humo hadi mtandao upatikane. QGIS hutumika kutengeneza ramani. Huko Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulichora mitaa inayokumbwa na mafuriko kwa kutumia OpenStreetMap. Katika mkoa wa Mara, wanaojitolea wa Crowd2Map walichora vijiji ili wanaharakati waweze kuwafikia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa.

Uteuzi

Programu inayomfaa mtaalamu wa mjini huenda isifae shule ya kijijini. Kwa shule iliyo mbali na mji, kwa mfano katika wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, maswali ya kwanza ni kama programu inafanya kazi bila intaneti, kama kompyuta kuukuu inaimudu, na kama mwalimu anaielewa lugha yake. Kwa hospitali, jambo kubwa ni usiri wa wagonjwa na kuwepo kwa fundi wa karibu.

Changamoto

Tafsiri huhitaji kuendelezwa, kwa sababu kila toleo jipya huleta maneno mapya. Mwaka 2010 waendelezaji wengi wa OpenOffice.org walihamia LibreOffice. Hivyo tafsiri ya toleo la zamani haitoshi: panahitajika watu wa kuiendeleza mwaka hadi mwaka.