Forodhani: Bustani ya Jubilei, Jina la Ushuru

Mgeni afikaye Unguja jioni hakosi kuambiwa, "Twende Forodhani." Huko hukuta bustani iliyokaa baina ya bahari na Ngome Kongwe, jirani na Beit al Ajaib: nyasi, njia za mawe, viti, taa, na meza za wauza pweza na mishikaki. Ni wachache wanaojiuliza kwa nini mahali pazuri kiasi hicho paitwe kwa jina la kutozea ushuru.

Neno forodha asili yake ni Kiarabu, furdha, yaani bandari, mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha shehena. Kiswahili kililipokea, kikaliambatanisha na kazi ya kutoza ushuru, kisha kikalitia kiambishi -ni cha mahali. Forodhani, basi, ni penye forodha.

Na ilikuwapo kweli. Katika karne ya 19, Seyyid Said alikodisha ukusanyaji wa ushuru kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na aliyevuma zaidi miongoni mwao ni Jairam Shivji. Mkataba wa 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za Wamarekani. Pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na nguo vilitozwa. Watu nao walitozwa: mateka walioletwa kutoka bara walihesabiwa vichwa na kulipiwa ushuru, kama shehena nyingine. Kasri zilizoukabili ufuo huo zilisimama juu ya hesabu hizo.

Katika miaka ya 1920 lilijengwa gati jipya upande wa Malindi, na shughuli za bandari zikahamia huko. Ufuo wa mbele ya Ngome Kongwe ukageuzwa bustani. Mwaka 1936, katika kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub, bustani hiyo ikapewa jina la Jubilei. Jina lilikuwa rasmi na la kifalme. Hata hivyo wenyeji waliendelea kusema Forodhani. Si ajabu. Darajani nako daraja halipo, na mkondo uliovukwa umefukiwa, lakini jina lipo.

Utawala wa masultani uliondoka kwa Mapinduzi ya 1964. Miaka ikapita, bustani ikachakaa, mawimbi yakaula ukuta wa bahari. Ndipo Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ikaufanya ukarabati mkubwa: ukuta ukaimarishwa, njia, taa na mimea vikapangwa upya, na wauza vyakula wakawekewa mahali pao. Bustani ilifunguliwa tena Julai 2009. Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika zaidi Desemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo la 1883, ilipoporomoka. Kisichotunzwa huanguka.

Nimeizuru bustani hiyo zaidi ya mara moja tangu ikarabatiwe, na naisifu kazi iliyofanyika. Lakini uzuri nao hufunika. Nyasi hazisemi ni nani walipita hapo wakihesabiwa. Fundi hurejesha ukuta. Historia iliyo chini ya ukuta hairejeshwi kwa saruji. Hapa imebebwa na silabi moja, -ni, inayosisitiza kuwa hapa palikuwa na forodha.

Nilipokuwa nikifundisha sekondari, nilipenda kutumia jina hili kueleza upatanisho wa mahali. Forodhani pamependeza: hapo hapo tunapopaonyesha. Forodhani kumechangamka: eneo zima, bila mpaka. Forodhani mna siri: ndani yake. Sentensi ya tatu ndiyo inayonishughulisha leo.

Neno bustani nalo lina asili yake. Limetoka Kiajemi: bu ni harufu, na stan ni mahali, yaani mahali penye manukato. Washairi wetu wamelizoea kwa waridi, asumini na mahaba, na hakuna ubaya. Ila anayetunga juu ya bustani hii ana maneno mawili mkononi, moja la harufu na moja la hesabu. Namsihi asiliache la pili nje ya ubeti kwa kuwa la kwanza linanukia.