Dzaleka: kambi iliyokuwa jela, na vijana walioita majirani

Familia nyingi za Kivu na Katanga zinalijua jina Dzaleka hata kama hazijafika Malawi. Kuna mjomba aliyeko huko, ao rafiki wa shule ambaye siku moja alipiga simu kwa namba ya nchi ile. Kambi iko katika wilaya ya Dowa, kama kilomita 40 toka mji mkuu Lilongwe. Wasiojulikana sana ni wakaaji wake wa kwanza: wafungwa. Zamani za rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa jela ambamo wapinzani wake walifungiwa. Banda alishindwa katika uchaguzi wa 1994, na mwaka uleule HCR ikafungua kambi pahali palepale.

Wamalawi walikuwa wamezoea wageni. Wakati wa vita vya Msumbiji walipokea watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa na ndugu na lugha moja na wenyeji wa mpakani. Waliokuja nyuma yao walitoka Rwanda, Burundi na Kongo. Hawakujua Chichewa, na hawakuwa na ukoo pale. Sheria nayo iliwafunga: mkimbizi akae kambini, kazi ya nje asiitafute. Kambi ilitengenezwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo imepita 50,000, na Wakongomani ndio wengi.

Ndani ya umati huo, Mbembe, Mfuliiru, Munyamulenge na Muluba wanapanga foleni kwenye pampu moja ya maji, pamoja na Wahutu na Watutsi wa nchi mbili za jirani. Nyumba ikichomwa kwenye milima ya Fizi ao Uvira, habari inafika kwa simu siku hiyohiyo, mara nyingi ikiwa imeongezewa chumvi. Asifikiri mtu kwamba uzio wa kambi unazuia vita. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambi ya Gatumba huko Burundi ilishambuliwa, na watu zaidi ya 150 wakauawa, wengi wao Banyamulenge waliokimbia Kivu Kusini. Kundi la waasi wa Burundi, FNL, lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya hivyo.

Mwaka 2008 alifika Dzaleka kijana wa Lubumbashi, Trésor Nzengu Mpauni, anayeitwa jukwaani Menes La Plume. Kazi yake ilikuwa maneno: mashairi ya kusema na hip-hop. Mwaka 2014 alianzisha pamoja na wenzake tamasha la Tumaini, ndani ya kambi kwenyewe. Wanamuziki wa Malawi wanapanda jukwaa lilelile wanalopanda wakimbizi, na watu wa Lilongwe na vijiji vya karibu wanaingia bila kulipa.

Muziki ndio unaovuta watu, lakini kazi kubwa zaidi inafanyika kwenye nyumba. Wageni wanaotaka wanalala kwa familia za wakimbizi. Anayelala kwako anakula ulichopika; Mchewa anaita nsima, wewe unaita bugali, na hapo maongezi yanaanza kabla ya mtu kuuliza kabila wala karatasi. Mgeni anasikia namna gani mama huyu alivuka ziwa. Mwenyeji naye anasikia kwamba kijijini kwa Mmalawi pia hakuna kazi, na kwamba chuki ya wafanyabiashara wadogo ina sababu yake. Hilo la pili wakimbizi wengi hawapendi kulisikia, na pengine ndilo lenye faida zaidi.

Tamasha halikubadilisha sheria. Mwezi wa Machi 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi wote wanaoishi nje warudi Dzaleka. Mwezi wa Mei polisi walianza kuwakamata Lilongwe: maduka yalifungwa, mali nyingine zikaporwa, na watu, watoto pamoja nao, wakapitishwa kwanza katika jela ya Maula. Baadhi yao walikuwa na maduka na majirani Wamalawi kwa miaka mingi. Walishushwa katika kambi isiyokuwa na nyumba za kuwatosha, na kati yao kulikuwa watoto waliozaliwa Malawi, wanaosema Chichewa vizuri kuliko lugha ya babu zao.