Kutoka 64 hadi 404

Wasee, leo tupige historia kidogo, lakini historia ya kodi. Tulieni, inaanzia hapa nyumbani.

Kabla Eldoret iitwe Eldoret, walowezi walipaita 64, kutokana na shamba namba 64. Wanandi wakaisikia hiyo namba ya Kizungu, wakaitamka kivyao: Sisibo. Mwaka wa 1912 serikali ya kikoloni ikaamua mji uitwe Eldoret.

Sasa jiweke kwa viatu vya karani wa posta mwaka huo. Barua imeingia, juu imeandikwa "64". Ukiitupa, kuna mtu hatapata habari za kwao. Ukiirudisha, umesema hakuna mahali kama hapo, na mahali papo, ni jina tu limebadilika. Karani mwenye akili anaipeleka Eldoret.

Hiyo ndiyo kazi ya bakendi. Ombi linaingia na anwani, seva inatafuta njia inayolingana nayo. Kama anwani imehama kabisa, inajibu 301: nenda huku. Kama haipo, 404. Kama njia ipo lakini kodi imeanguka ndani, 500.

Hizo namba hazikuwepo mwanzoni. HTTP ya kwanza ya Tim Berners-Lee kule CERN, mwaka wa 1991, ilirudisha kosa kama maandishi ya kawaida tu. Binadamu angesoma ajue kumeharibika, lakini mashine haikuwa na njia ya kutofautisha kosa na jibu zuri. Misimbo ilikuja baadaye, ikachapishwa kwenye maelezo ya HTTP/1.0 mwezi wa Mei 1996. Inayoanza na 4, shida iko kwa ombi. Inayoanza na 5, shida ni ya seva. Na ile stori ya ati 404 ilikuwa chumba huko CERN, achaneni nayo. Robert Cailliau, aliyefanya kazi na Berners-Lee, aliikana.

Sasa mimi, nikiwa Plateau na laptopu yangu, nikairudisha dunia 1991.

Nilikuwa nimeacha chuo, nikamtengenezea shangazi tovuti ya kuuza viazi. Niliogopa wateja waone ukurasa wa makosa waseme sijui kazi. Kwa hivyo nikazungushia kodi yote mtego mmoja mkubwa wa eksepsheni. Kitu chochote kikianguka, hata njia isiyojulikana, mteja anaona "Asante, oda imefika", na seva inarudisha 200, yaani kila kitu kiko sawa. Siku moja nikabadilisha /oda ikawa /maagizo. Sikuweka 301.

Wateja waliendelea kubonyeza linki ya zamani. Wakaambiwa asante. Shangazi akaniuliza mbona soko limelala, nikamjibu ni Januari, watu hawana doo. Viazi vikaanza kuchipua ndani ya magunia. Kisha mteja mmoja akampigia simu, akamwita tapeli. Shangazi, ambaye hajawahi kumpunja mtu hata kiazi kimoja.

Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Hiyo mashine yako ilijua imekosea?"

Ilijua. Mimi ndiye nilikuwa nimeifunga mdomo.

Siku hizi naandika hivi: njia isiyopo ni 404, na ujumbe unaoeleweka. Fomu mbovu ni 400, namwambia mteja arekebishe wapi. Kosa langu ni 500. Namwomba msamaha, na maelezo yote yanaingia kwa logi ili niyaone kabla shangazi apigiwe simu. Njia ikibadilika jina, ya zamani inabaki na 301.

Kodi ikianguka kwa kelele utairekebisha leo. Ile inayodanganya utaijua viazi vikishaoza.

Wazee hapa bado wanasema Sisibo, na ukiwafuata unafika Eldoret. Mji uliweka 301 miaka zaidi ya mia iliyopita. Mimi nilishindwa na linki moja.