Ombi la HTTP katika skripti za seva

Ombi la HTTP ni ujumbe ambao programu hutuma kwa seva ili kupata au kupeleka data. Skripti iliyo kwenye seva nayo huweza kutuma ombi kwa seva nyingine. Mfano mzuri nchini Kenya ni Daraja, mfumo wa kampuni ya simu ya Safaricom unaounganisha programu za biashara na M-Pesa, huduma yake ya fedha kwa simu. Duka la Lodwar linalouza mtandaoni samaki wakavu wa Longech likitaka kulipwa, huanza kwa kutuma Daraja ombi la GET (la kupata data) na kupewa tokeni, yaani kitambulisho cha muda, inayodumu takriban saa 1. Kisha skripti hutuma ombi la POST (la kupeleka data) lenye kiasi na namba ya simu ya mteja. Mteja huulizwa namba yake ya siri papo hapo kwenye simu.

Jibu lisomwe kwa makini, maana hapa ndipo fedha hupotea. Msimbo wa HTTP 200 huonyesha tu kwamba ombi limepokewa, si kwamba mteja amelipa. Matokeo huja baadaye, Safaricom inapotuma ombi lake kwenye anwani ya duka. Msimbo wa matokeo 0 ndio uthibitisho wa malipo. Mtandao ukikatika kabla ya hapo, skripti iulize kwanza hali ya muamala, isirudie kutoza.