Kikande, mhimili wa matumbawe ya Pwani

KATIKA jamii nyingi za viumbe huwa kuna mmoja ambaye akiondolewa, wengine huyumba. Huyo ndiye kiumbe mhimili, dhana iliyopewa jina na mwanaekolojia Mmarekani Robert Paine mwaka wa 1969.

Katika miamba ya matumbawe ya Pwani ya Kenya, mhimili huo ni kikande, samaki mwenye meno imara. Yeye hula nungu wa bahari, ambao huukwangua mwamba wakitafuta mwani. Kikande anapovuliwa kupita kiasi, nungu huzidi, mwamba humomonyoka na samaki wengine hukosa maskani na malisho. Hatimaye mvuvi naye huinua dema tupu.

Tofauti hudhihirika katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968. Humo uvuvi umepigwa marufuku, na nungu ni wachache kuliko katika miamba inayovuliwa samaki. Hata hivyo, kikande akishapungua huchukua miongo kadhaa kurejea. Mwamba ukiharibika leo, huenda aliyeuharibu asiuone ukipona.